Vitwitwi wawili wa Mida: darasa lililofaulu picha likashindwa matopeni

Jumamosi moja ya Novemba, wanagenzi kumi na wawili wa uongozaji watalii wanafika ukingoni mwa Mida, ule mkono wa bahari ulio kati ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wamekaa darasani wiki nne. Wameonyeshwa slaidi, wamekariri majina, na mtihani wa picha wameupita bila jasho. Kazi ya siku ni ndogo: kutenganisha aina mbili za vitwitwi wanaofanana. Saa tatu asubuhi wanashuka garini, saa tano na nusu wanapanda tena, na karatasi zao hazipatani. Ndege mmoja, aliyekaa eneo lile lile karibu dakika ishirini, kaandikwa kwa majina manne.

Kundi hili tumeliunda. Makosa yake hatukuyaunda: ni yale yanayojirudia kila darasa la slaidi linaposhuka pwani, tukayaweka katika asubuhi moja ili yachambulike.

Tuanze na majina, maana fujo huanzia hapo. Kwa mtu wa pwani, kitwitwi ni jina la ukoo mzima wa ndege wadogo wanaokimbiakimbia mchangani. Chamchanga naye hutajwa humo humo. Sululu anajulikana mbali kwa mdomo wake mrefu uliopinda kwenda chini. Kwa mvuvi hayo yanatosha, hana haja ya zaidi. Mwongoza watalii anayo haja, kwa hiyo hapa tutawaita wawili wetu kitwitwi mkubwa na kitwitwi mdogo. Mkubwa kwa jina la kisayansi ni Anarhynchus leschenaultii, mdogo ni Anarhynchus atrifrons. Vitabu vya zamani vitawaweka wote chini ya Charadrius, na mdogo vitamwita mongolus. Orodha ya eBird, hifadhidata ya dunia ya watazamaji ndege, ilimgawa mongolus kuwa aina mbili mwaka 2022: wa Siberia akabaki na jina hilo, wa nyanda za juu za Asia ya Kati na Tibet akawa atrifrons. Anayefika kwetu ni huyu wa pili. Jambo hili linaonekana kama ugomvi wa wataalamu wa majina, lakini ndilo lililoharibu nusu ya slaidi za darasa letu, kama tutakavyoona.

Ndege wenyewe, wakiwa Mida mwezi wa Novemba, wamevaa kijivu. Juu ni rangi ya mchanga uliolowa, chini ni weupe, na pembeni mwa kifua kuna kiraka cha kijivu. Hawana ukosi mweupe shingoni, na hilo tayari linawatenga na vitwitwi wengine kadhaa. Yule kifua chekundu cha kutu anayependeza kitabuni anaanza kuonekana mwishoni mwa Machi, wiki chache kabla ya safari ya kurudi kaskazini kuzaliana. Anayejifunza kwa picha ya Aprili kisha akaenda pwani Novemba amejifunza ndege asiyekuwepo.

Kwa hiyo kinachobaki ni umbo. Mkubwa ana urefu wa sentimita 22 hadi 25, mdogo 18 hadi 21. Mkubwa ana kichwa kizito chenye paji la uso lililolala, mdomo mrefu unaochongoka kuelekea ncha, na miguu mirefu ambayo sehemu ya juu ya kifundo inaonekana wazi. (Kile ambacho wengi hukiita goti la ndege ni kifundo cha mguu, goti lenyewe limefichwa na manyoya.) Mdogo ana kichwa cha mviringo, paji lililosimama, mdomo mfupi wenye ncha butu. Miguu ya mkubwa huelekea rangi ya kijani iliyofifia au manjano chafu, ya mdogo huelekea kijivu cheusi. Wakiruka, vidole vya mkubwa vinatokeza nyuma ya mkia. Vya mdogo vinaishia usawa wa mkia, au vinachungulia kidogo tu.

Hayo yote wanagenzi wetu waliyajua. Waliyaandika hata kwenye mtihani. Walikwama wapi?

Kosa la kwanza lilifanyika ofisini, siku ya kuchagua tarehe. Jumamosi ilichaguliwa kwa kuwa gari lilikuwa huru. Hakuna aliyetazama mwezi. Katika pwani hii, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na ndiyo bamvua, maji yanapopanda na kushuka kwa wingi. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, na kujaa kunasogea hadi karibu saa tano asubuhi. Darasa lilifika siku ya maji mafu. Maji yalikuwa yakipanda, ndiyo, lakini kwa uvivu, na hayakuwahi kuyafunika matope ya juu. Ndege hawakusukumwa popote. Walibaki wametawanyika mita mia mbili na zaidi, na kufikia saa nne joto lilikuwa limeanza kupanda juu ya tope, kila mguu ukaonekana kama unatetemeka ndani ya maji yanayochemka. Hakuna darubini inayoponya hilo. Ukiongeza ukuzaji unaongeza mtetemo.

Mvuvi yeyote wa Dabaso, kijiji cha hapo Mida, angewaambia bila jedwali la maji.

Siku inayofaa ni ya bamvua au siku moja mbili baada yake, jioni. Kaa ukingo wa upande wa barabara kuu ya Malindi kuanzia saa nane na nusu hivi, jua likiwa limeanza kushuka mgongoni mwako. Maji yanapanda kwa kasi, tope linapungua, na ndege wanasogezwa hatua kwa hatua kuelekea ulipo. Kazi nzuri inafanyika katika saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linatosha kupanga, ila kumbuka ndani ya mkono wa bahari maji hujaa kwa kuchelewa kuliko mlangoni, kwa hiyo usiondoke dakika ile ile jedwali linaposema yamejaa. Keti chini. Mtu aliyeketi huvumiliwa karibu zaidi kuliko aliyesimama. Vichwa vya kundi vikiinuka vyote kwa pamoja na ndege wakaacha kula, umeshawakaribia mno: rudi nyuma hatua kumi, usingoje waruke.

Kosa la pili ni la ukubwa, na hili ndilo lililozaa mabishano.

"Mwalimu, yule ni mkubwa, tazama alivyompita mwenzake."

"Mwenzake ni nani?"

Kimya. Mwenzake alikuwa chamchanga mdogo kabisa, Calidris minuta, mwenye sentimita 12 hadi 14. Kando ya huyo, kitwitwi yeyote ni jitu. Dakika tano baadaye ndege yule yule akatembea hadi karibu na kitwitwi mwenye makwapa meusi, Pluvialis squatarola, anayekaribia sentimita 30, na mwanagenzi mwingine akaandika "mdogo" kwa uhakika kabisa. Wote wawili walikuwa wakweli. Walipima kwa mizani mbili tofauti.

Mzizi wa kosa uko kwenye projekta. Kwenye slaidi kila ndege anajaza ukuta. Tai na chozi wana ukubwa mmoja. Mwanafunzi anayeona picha mia mbili kwa namna hiyo anajifunza rangi na alama, na jicho lake halipati nafasi hata moja ya kulinganisha kimo. Dawa yake ni rahisi na ni ya bei ya kadibodi. Kata vivuli vya ndege kwa kipimo chao halisi: sentimita 13, 19, 24 na 29, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Vipake kijivu kimoja, bila alama yoyote. Vibandike kwenye vijiti, uvichomeke kwenye uwanja wa mpira mita 40 na mita 80, vikiwa vimechanganywa, kisha wanafunzi wavitambue kwa darubini. Mara ya kwanza watakosea vibaya, hasa kile cha 24 kikiwekwa mita 80 na cha 19 mita 40. Wakirudia siku tatu, wanaanza wenyewe kuuliza "kiko kando ya nini?" kabla ya kutaja jina. Swali hilo ndilo mnalolitafuta.

Kosa la tatu: miguu. Karatasi saba ziliandika "miguu myeusi" na kumaliza hapo. Tope la Mida likikauka mguuni ni la kijivu cheusi, na linapaka kila ndege soksi. Rangi ya mguu iaminiwe kwa ndege aliyetoka kusimama katika maji safi tu, akiwa ameangaziwa na jua kutoka upande wako. Nje ya hapo, andika "miguu haikuonekana vizuri" na uendelee. Hata ikionekana, ni ushahidi wa kuunga mkono, hauwezi kusimama peke yake mahakamani.

Kosa la nne linatokana na zile slaidi. Mwalimu alipakua picha kutoka intaneti kwa kutafuta jina la zamani, na picha nyingi za kitwitwi mdogo alizopata zilipigwa Australia na Asia ya Mashariki. Yule ni mongolus wa Siberia, mwenye mdomo mfupi kuliko wa atrifrons wetu. Wanafunzi wakazoea mdomo mfupi mno. Walipomwona mdogo wa Mida, mdomo ukawapita matarajio, wakamwita mkubwa. Upande wa pili nao una mtego wake: kitwitwi mkubwa wa magharibi, jamii ya columbinus anayezaliana Uturuki na nchi za jirani, ana mdomo mfupi kuliko wenzake wa mashariki. Kwa hiyo pengo ambalo vitabu huliweka pana linaweza kuwa jembamba kutoka pande zote mbili. Yeyote anayeandaa somo hili kwa Afrika Mashariki achuje picha kwa mahali zilipopigwa: Kenya, Tanzania, Oman, Falme za Kiarabu. Na mwezi uandikwe chini ya kila picha.

Pamoja na hayo, mdomo unabaki kuwa kipimo bora, mradi upimwe dhidi ya kichwa chenyewe badala ya kumbukumbu. Ndege akiwa ubavu kamili, chukua kwa macho urefu wa mdomo, uugeuze nyuma kuanzia shina lake kupita jicho. Kwa mdogo, urefu huo unaishia karibu na ukingo wa nyuma wa jicho. Kwa mkubwa unaupita wazi. Neno la kushika ni ubavu kamili. Ndege akiinamisha kichwa au akikugeukia hata kidogo, mdomo unafupika na kipimo kinakufa. Ngoja. Vitwitwi hukimbia, husimama, hudonoa. Katika kila kusimama kuna sekunde mbili tatu za ubavu. Pima mara tano kabla ya kuandika.

Kuna kosa moja ambalo wakufunzi hawapendi kulitaja kwa sababu linawahusu. Katika kundi la watu kumi na wawili huwa kuna mmoja mwenye sauti na uzoefu kidogo. Akisema "leschenaultii" kwa nguvu, kuanzia hapo kila mtu anaona miguu mirefu. Siku ile sauti zilikuwa nne, ndiyo maana majina yakawa manne, lakini ingekuwa moja karatasi zote zingefanana na bado zingekuwa na makosa. Kufanana kwa karatasi si ushahidi. Utaratibu unaozuia hili ni wa kimya: mkufunzi anaelekeza ndege ("kutoka mkoko ule pweke, mita tano kulia, yuko ukingoni mwa maji"), kila mtu anatazama na kuandika dakika tatu bila kusema, kitabu kikiwa kimefungwa begani. Anayesoma wa kwanza ni aliye mgeni zaidi wa kazi. Mkufunzi anasoma mwisho, na ikibidi anakaa bila kusoma kabisa.

Kwenye karatasi, jina linakaa mstari wa chini. Juu yake kuna mchoro. Hauhitaji mkono wa msanii: yai la mwili, duara la kichwa, mistari miwili ya miguu, mdomo. Kisha mishale yenye maneno mafupi. Mchoro unalazimisha jicho kuamua: mdomo unaishia wapi, paji limelala au limesimama, kuna ukosi au hakuna. Mtu anayeweza kusema "nimemwona vizuri" mara nyingi hugundua kwenye mchoro kuwa hakuwahi kutazama miguu.

Simu nazo zilikuwepo. Watatu walipiga picha kupitia kioo cha teleskopu na kuipa Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, wakapata majibu yasiyofanana. Si ajabu. Programu inahukumu kile ilichopewa, na kilichopewa kilikuwa doa la kijivu lenye mtetemo wa joto. Merlin inasaidia kupunguza orodha kwa mahali na tarehe. Kwa vitwitwi wawili walio mita mia mbili, katika upepo, iwekwe mfukoni. Milio yao ni mikwaruzo mifupi inayokaribiana mno kwa anayeanza.

Kuhusu vifaa tusichukue muda. Darubini ya 8x42 (ukuzaji mara nane, vioo vya mbele vya milimita 42) ndiyo ya kufundishia. Ya 10x inatetemeka mikononi mwa anayeanza na uwanja wake wa kuona ni mwembamba. Nusu ya kundi letu walikuwa hawajarekebisha darubini kwa macho yao, na hiyo ni dakika moja tu ya kazi: ziba kioo cha kulia, lenga maandishi yaliyo mbali kwa gurudumu la katikati ukitumia jicho la kushoto, kisha ziba cha kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha pete ya jicho la kulia hadi maandishi yale yale yawe makali. Kumbuka namba ya pete. Anayevaa miwani akunje vikombe vya macho ndani. Chumvi ikiingia kwenye kioo, ipulizwe na kuoshwa kwa tone la maji matamu kwanza. Kuifuta kwa ncha ya shati ni kuisugua kama msasa. Teleskopu ya 20–60x ianze na kubaki karibu na 20 au 30 hadi mtu ampate ndege.

Sasa yule ndege mwenyewe. Tukiweka pamoja yale yaliyoonekana kweli kwenye karatasi kumi na mbili, tukiacha majina, yanabaki haya: hana ukosi mweupe, jambo linalomwondoa yule kitwitwi wa mchanga mweupe anayeishi kwetu mwaka mzima, Anarhynchus marginatus. Mdomo mnene kiasi na ulionyooka, jambo linalomwondoa chamchanga mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, ambaye wanagenzi wawili walimwandika. Wakimwona akiruka wangeona pia kiuno cheupe cha chamchanga huyo, ambacho vitwitwi wetu hawana. Paji lililosimama, kichwa cha mviringo: karatasi nne huru. Mdomo uliopimwa hauvuki jicho: karatasi mbili, zote za watu walioketi. Aliporuka hatimaye, mmoja tu alikuwa na darubini machoni, akaandika "vidole havionekani nyuma ya mkia" bila kujua uzito wa alichokiandika. Wengine kumi na mmoja walikuwa wakifunua kurasa za kitabu.

Hoja zote zinaelekea kwa kitwitwi mdogo. Ushahidi ulikuwepo, umegawanyika mikononi mwa watu wanne, na jina lililoshinda kelele siku hiyo lilikuwa la mkubwa.

Uzito wa kosa la namna hii unazidi aibu ya darasani. Orodha za wanagenzi huishia Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambako nchi imegawanywa katika miraba ya takribani kilomita tisa kwa tisa, na orodha kamili inataka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii. Wengine huitwa kusaidia hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari. Jina lililoandikwa kwa kubahatisha haliji na alama ya kubahatisha. Linakaa pamoja na ya kweli. Karatasi zinaruhusu kuandika kwamba ni kitwitwi wa jozi hii, aina haikujulikana, na mhesabu mzoefu huandika hivyo mara nyingi kwa siku bila kuona haya. Wanagenzi wetu hawakuambiwa kuwa nafasi hiyo ipo. Mtihani wa slaidi haukuwa nayo: kila picha ilidai jina, na kisanduku kitupu kilihesabiwa sifuri. Jirekebishe hapo kwanza. Katika kila picha ishirini weka tano zisizotosha kutambua, za nyuma, za mbali, zenye kichwa ndani ya bawa, na mpe alama mbili anayeandika "haitoshi" na kueleza kinachokosekana.

Muda wa darasani nao ulitumika ovyo. Kipindi kizima kilienda kwa Dromas ardeola, yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo kama jambia, anayechimba mashimo ya kutagia katika visiwa vya mchanga vya Oman na Ghuba kisha akaja Mida kula kaa. Ni kweli ndiye wageni wanayemtaka, na hadithi yake ni tamu. Lakini hafanani na yeyote pale matopeni. Dakika tano zinamtosha.

Ratiba ya kurudia, kwa kundi lile lile: siku mbili za vivuli vya kadibodi uwanjani, siku moja ya kuchora njiwa na kunguru wa mtaani kwa dakika tatu tatu, kwa sababu kunguru yupo bure na anasimama ubavu. Halafu Mida, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, saa tisa alasiri, watu sita kwa teleskopu moja. Jioni ya kwanza wasitambue zaidi ya aina tano. Mkufunzi aje na karatasi yake ikiwa na mstari mmoja uliojazwa mapema: leschenaultii au atrifrons, idadi wazi.